ABUL-QASIM AZ-ZAHRAWI, MPASUAJI WA QURTUBA, NA MAMBO YA GANZI NA USINGIZI WA HOSPITALI

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu kwa umbo lililo bora, akamtia roho, akamtia na mishipa ya kuhisi. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), watu wake na masahaba wake wote. Ama baad.



Ijumaa hii tunakuletea habari za maisha ya mtu aliyekufa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Hakuwa sultani wala jemadari. Alikuwa mpasuaji wa wagonjwa. Jina lake ni Abul-Qasim Khalaf bin Abbas Az-Zahrawi. Wazungu walishindwa kulitamka wakamwita Albucasis, na kwa jina hilo vitabu vyao vinamtaja hata leo kuwa ni mmoja wa baba wa upasuaji duniani.

Kwa nini tumemchagua yeye? Kwa sababu katika misikiti yetu hapa Kongo maswali yanakuja kila mara. Mtoto amezaliwa na vidole sita, je, akatwe kimoja? Kijana ameungua uso, je, ni halali kutengenezwa? Na swali kubwa kuliko yote linaulizwa kwa sauti ya chini: munganga akinilaza kwa dawa, je, nitaamka? Wapo wazazi wanaomficha mtoto nyumbani miaka kumi kwa kuogopa usingizi huo. Na wapo wengine hawaogopi kitu, wanaingia chumba cha uchochoroni kuchomwa sindano za kuongeza maungo, na mwenye kuwachoma hajui hata mapigo ya moyo yanahesabiwa wapi. Makundi yote mawili yana la kujifunza kwa mzee huyu.

KUZALIWA KWAKE NA MJI WAKE

Mwaka 936 khalifa wa Andalusi, Abdurrahman wa Tatu, alianza kujenga mji mpya wa kifalme karibu na Qurtuba, mji ambao leo uko katika nchi ya Hispania na unaitwa Córdoba. Mji ule mpya uliitwa Madinat az-Zahra. Abul-Qasim alizaliwa karibu na wakati huo, na kwa mji huo akapata jina la Az-Zahrawi. Aliitwa pia Al-Ansari, maana yake nasaba yake ilihesabiwa kwa wale Ansar wa Madina waliompokea Mtume (S.A.W.) na kumpa nyumba zao.

Qurtuba ya siku hizo ilikuwa moja ya miji mikubwa ya dunia. Ilikuwa na maktaba ya khalifa, ilikuwa na misikiti, mahamamu na soko la wauza vitabu. Wasomi Waislamu, Wakristo na Mayahudi walikaa mji mmoja. Katika mji huo kijana Abul-Qasim alijifunza tiba. Alisoma vitabu vya Wayunani vilivyokwisha kutiwa katika Kiarabu, hasa vya Galeni, na vya Paulo wa Aegina juu ya upasuaji. Lakini hakukaa na vitabu peke yake. Alitibu kwa mkono wake karibu miaka hamsini. Aliona watoto, askari, wajakazi, wazee, wanawake wenye uchungu wa uzazi.

Ndugu yangu, angalia jambo hilo. Leo mtu anasoma miezi michache, anaweka kibao mlangoni. Yeye alikaa miaka hamsini, ndipo akaandika.

KITABU CHAKE

Karibu na mwaka 1000 alimaliza kitabu chake kikubwa kiitwacho At-Tasrif. Kina maqala thelathini. Ndani yake mna maradhi, dawa za kunywa, marhamu, vyakula vya wagonjwa, na hata mambo ya meno. Maqala ya mwisho, ile ya thelathini, ndiyo iliyomtangaza. Hiyo ni ya kazi ya mkono, na ameigawa sehemu tatu: kuchoma kwa chuma cha moto, kupasua na kushona, na kuunga mifupa.

Katika maqala hiyo alichora picha za vyombo vyake, karibu mia mbili: visu, makasi, misumeno, ndoana ndogo, koleo za meno, sindano. Kabla yake wapasuaji walirithishana vyombo mkono kwa mkono, mwanafunzi akakosa mwalimu, elimu ikazikwa. Yeye alichora ili mhunzi wa mji wowote aweze kufua chombo kile kile.

Kati ya vyombo hivyo kimo kisu kilichofichwa, ambacho jina lake la Kiarabu lina maana ya mdanganyifu. Mgonjwa mwenye jipu akiona kisu huruka. Basi kisu hicho kidogo kilifichwa ndani ya kitu kingine, mpasuaji akaonekana anapapasa tu, na mara jipu limefunguka. Mzee huyu alijua kwamba hofu ya mgonjwa nayo ni sehemu ya ugonjwa.

KUREKEBISHA KIUNGO

Sasa tuingie katika kazi zake zinazofanana na zile ambazo leo zinaitwa upasuaji wa kurekebisha na kupendezesha maumbile.

Alieleza jinsi ya kutengeneza kope. Kuna mtu ambaye nywele za kope zake zinageuka ndani, zinachoma mboni usiku na mchana, mwisho anapofuka. Az-Zahrawi alifundisha kukata kipande cha ngozi ya kope chenye umbo la jani dogo, kisha kushona kingo mbili pamoja, kope ikainuka, nywele zikatoka nje. Leo waganga wanaopunguza ngozi ya kope iliyolegea bado wanachora umbo la jani.

Alieleza habari ya mwanamume ambaye kifua chake kimeota matiti kama ya mwanamke. Mtu huyo hajalala kwa homa, lakini aibu inamla. Az-Zahrawi alifundisha kukata kwa mkato wa mwezi mwandamo, kutoa mafuta yaliyo ndani, na kushona. Matiti yakiwa makubwa na kulegea, mikato iwe miwili inayokutana, ngozi iliyozidi itolewe.

Alieleza kukata kidole cha ziada na kutenganisha vidole vilivyogandamana. Alieleza kushona pua, mdomo na sikio vilivyokatwa. Alifunga meno yanayocheza kwa uzi wa dhahabu, na jino lililong'oka aliweza kuweka badala yake kipande cha mfupa wa ng'ombe kilichochongwa kama jino.

Je, huku ni kubadilisha maumbile ya Mwenyezi Mungu? Kumbuka, ndugu yangu, habari ya sahaba Arfaja bin As'ad. Pua yake ilikatwa vitani zama za ujahili. Akaweka pua ya fedha, ikatoa harufu mbaya. Mtume (S.A.W.) akamwamuru atumie ya dhahabu, ingawa dhahabu imeharamishwa kwa wanaume kuwa pambo. Kutokana na habari hiyo wanavyuoni wakatofautisha mambo mawili. Kurudisha kilichoharibika au kuondoa ila inayoudhi, hilo ni tiba. Kubadilisha umbo zima lililo sawa kwa kufuata matamanio tu, hilo limekatazwa. Mwaka 2007 Baraza la Kimataifa la Fiqhi, lililokutana Malaysia, lilipitisha uamuzi wa namna hiyo hiyo. Kidole cha sita cha mwanao, kovu la moto usoni pa binti yako, mdomo uliopasuka tangu tumboni: hivyo vimo katika mlango wa tiba.

MAUMIVU YA ZAMA ZILE

Lakini hapa moyo wa msomaji unauliza: watu wale walivumiliaje kisu?

Jibu ni kwamba walivumilia kwa taabu kubwa. Ukisoma maelezo ya Az-Zahrawi unakuta mgonjwa anashikwa. Mtumishi mmoja anakamata kichwa, mwingine mikono. Mpasuaji anatakiwa awe na mkono mwepesi, maana kila dakika ni mateso, na damu inatoka. Dawa za kutia ganzi zilijulikana. Ibn Sina, aliyezaliwa mwaka 980 na kufa 1037, mtu wa zama zake upande wa mashariki, alizitaja katika kitabu chake cha Qanun: afyuni, ambayo aliiona kuwa yenye nguvu kuliko zote, mandragora, banji, mbegu za saladi, hata maji ya barafu. Lakini dawa hizo hazikuwa na kipimo cha yakini. Kidogo hakikutosha. Kingi kiliua. Ndiyo sababu wapasuaji waliziogopa.

Waislamu wengi tunajua habari ya Urwa bin Zubayr, ambaye mguu wake ulioza ukabidi ukatwe. Alipewa kinywaji cha kumpoteza akili akakataa, akakatwa hali anamtaja Mola wake. Hiyo ni daraja yake, Mwenyezi Mungu amrehemu. Lakini mtu asiichukue habari hiyo akamnyima mtoto wake ganzi. Wanavyuoni wa fiqhi, na katika madhehebu yetu ya Imam Shafi mmoja wao ni Imam Nawawi, wameruhusu dawa ya kuondoa akili inapohitajika kwa kukata kiungo kilichooza. Kilevi cha starehe na dawa ya tiba ni vitu viwili. Hata Waarabu wa leo wanaiita kazi hiyo takhdir, kutia ganzi, kwa neno lile lile la waganga wa kale.

NAMNA NNE ZA GANZI ZA LEO

Alichokikosa Az-Zahrawi kilipatikana baada ya karne nyingi. Tarehe 16 Oktoba 1846, katika mji wa Boston, Marekani, William Morton alimlaza mgonjwa kwa mvuke wa etha mbele ya watu, uvimbe wa shingoni ukakatwa na mgonjwa hakupiga kelele. Mwaka 1884 Carl Koller wa Vienna akaonyesha kwamba tone la kokeini linalitia jicho ganzi na mtu yuko macho. Mwaka 1898 August Bier, Mjerumani, akatia dawa katika maji ya uti wa mgongo. Mwaka 1943 huko Sweden Nils Löfgren akatengeneza lidokeini, ambayo hadi leo imo karibu katika kila hospitali.

Ili uelewe, chukua wagonjwa wa Az-Zahrawi mmoja mmoja, uwaweke mbele ya daktari wa leo.

Wa kwanza ni mwenye kope mbaya. Huyu, akiwa mtu mzima, atapewa ganzi ya mahali pamoja. Anachomwa sindano ndogo pale panapokatwa, pengine imechanganywa na adrenalini ili mishipa ibane na damu ipungue. Anasikia kuguswa, hasikii maumivu. Anazungumza, anasoma uradi wake moyoni. Watu hudhani ganzi hiyo haina hatari yoyote. Si kweli. Lidokeini ina kipimo chake kwa uzito wa mwili: kwa kawaida haitakiwi kupita miligramu 4.5 kwa kila kilo, au 7 ikiwa na adrenalini. Ikizidi, midomo inafa ganzi, masikio yanavuma, mtu anapata kifafa, na moyo unaweza kusimama.

Wa pili ni kijana mwenye vidole vilivyogandamana, mtu mzima tayari. Huyu anaweza kupewa ganzi ya sehemu kubwa: dawa inatiwa karibu na mshipa wa fahamu kwenye bega au kwapa, mkono mzima ukalala. Ndugu ya ganzi hiyo ni ile ya mgongoni, ambayo mama zetu wengi wanaijua kwa kujifungua kwa kupasuliwa. Hutumika kwa kazi za tumboni chini na miguuni. Mgonjwa yuko macho, miguu haimtii kwa saa kadhaa, kisha inarudi.

Wa tatu ni yule mwanamume mwenye matiti. Anaweza kupewa ganzi ya mahali pamoja pamoja na dawa ya kumsinzisha mshipani. Hajafa fahamu kabisa. Akiitwa anaitika, lakini hofu imeondoka na baadaye hakumbuki mengi. Mwaka 1987 Jeffrey Klein wa Marekani alieleza njia ya kutia maji mengi yenye lidokeini hafifu na adrenalini chini ya ngozi, ili mafuta yavutwe bila kumlaza mgonjwa kabisa. Lakini kusinzisha kuna mtego wake: kipimo kikiongezwa kidogo, kusinzia kunageuka usingizi mzito na pumzi inafifia. Kwa hiyo hata hapo lazima awepo mtu ambaye kazi yake ni kuangalia pumzi tu.

Wa nne ni mtoto mdogo mwenye mdomo uliopasuka. Huyu hawezi kutulia, basi analazwa kabisa. Hiyo ndiyo inayoitwa nusukaputi. Dawa inapitishwa mshipani au inavutwa puani, fahamu zinaondoka, misuli inalegea. Si usingizi kama wa kitandani kwako, kwa sababu aliyelala kwako ukimfinya anaamka. Huyu haamki mpaka dawa iondolewe, na mara nyingi hawezi kuilinda pumzi yake mwenyewe. Mwingine lazima ailinde kwa niaba yake.

Hapo tunarudi kwa mzee wetu wa Qurtuba.

KOO LA MJAKAZI

Az-Zahrawi anasimulia kwamba mjakazi mmoja alichukua kisu akajikata koo. Akaitwa mbio. Alimkuta akikoroma kama mnyama aliyechinjwa. Wengine wangesema huyu amekwisha, mleteni sanda. Yeye aliangalia jeraha. Aliona damu iliyotoka ni kidogo, mishipa mikubwa haikukatwa, lakini pumzi inatoka katika jeraha. Basi akalishona koo lile, akalitibu mpaka likapona. Mwanamke yule akaishi, hakubaki na ila isipokuwa sauti ya kukwaruza.

Kutokana na jambo hilo alijifunza, akaandika, kwamba kupasua njia ya pumzi si lazima kuue. Waganga wengi wa kale waliogopa kuigusa. Yeye hakujaribu juu ya mtu mzima mwenye afya ili apate sifa. Alimkuta aliyejeruhiwa, akamhurumia, na huruma ile ikamfungulia mlango wa elimu.

Na kulinda njia ya pumzi ndiyo roho ya nusukaputi. Baada ya vita ya kwanza ya dunia askari wengi wa Uingereza walirudi nyuso zimevunjika kwa risasi na mabomu. Walipelekwa Sidcup, karibu na London, ambako Harold Gillies alikuwa akizitengeneza nyuso hizo. Shida ikawa hii: utamfunikaje mtu uso kwa kitambaa cha dawa ya usingizi, na uso huo huo ndio unaokatwa? Ivan Magill na mwenzake Stanley Rowbotham wakaendeleza kazi ya kupitisha mpira mpaka ndani ya koromeo, pumzi na dawa vikapita humo, mpasuaji akabaki na uso wake. Mpaka leo mpira huo unatumika katika vyumba vya kupasulia duniani kote.

Kwa hiyo ukiambiwa mwanao asile kabla ya kulazwa, usione ni ukali wa waganga. Tumbo likiwa na chakula, mtu aliyelazwa anaweza kutapika, na matapishi yakaingia mapafuni. Kwa kawaida chakula chepesi kinaachwa saa 6 kabla, maziwa ya mama saa 4, maji matupu saa 2. Bibi anayemhurumia mtoto akampa uji kwa siri alfajiri, huruma yake inaweza kumuua. Na ukiulizwa umekula nini, sema kweli. Uongo hapo ni hatari ya roho.

WAJINGA WENYE VISU

Mwanzoni mwa maqala yake ya upasuaji Az-Zahrawi anatoa onyo kwa wanafunzi. Anaeleza habari za watu aliowaona yeye mwenyewe. Mganga mmoja alimpasua mwanamke uvimbe wa shingoni bila kujua mishipa ilipo, akakata mshipa mkubwa, mwanamke akafa mbele yake. Mwingine alijaribu kumtoa mzee jiwe kubwa la kibofu. Az-Zahrawi aliitwa kabla akaona mzee yule hataiweza kazi hiyo, akakataa. Yule mwingine akakubali, akatoa jiwe pamoja na kipande cha kibofu, na siku ya tatu mzee akafa.

Angalia tofauti, ndugu yangu. Aliyekuwa bingwa alikataa, na asiyejua ndiye aliyekubali. Az-Zahrawi aliwagawia wanafunzi wake kazi mbili: kazi yenye usalama, na kazi ambayo mara nyingi ina hatari. Akawausia waiache ya hatari wasiyoijua, na tamaa ya mali isiwavute. Hakuona haya kusema hapana.

Basi ukikutana na mtu anayekuahidi kukubadilisha umbo kwa bei nafuu, chumbani kwake, muulize maswali manne. Nani atanitia ganzi? Ni ya namna gani kati ya hizo nne? Nani ataangalia pumzi na moyo wangu wakati wewe unakata? Na pumzi ikikatika, una hewa ya oksijeni na chombo cha kunipulizia? Akikasirika, ondoka. Mahali pengi kwetu Kongo anayelaza wagonjwa si daktari, ni muuguzi aliyesomea kazi hiyo. Hilo si aibu, na wengi wao ni mahodari. Shida ni yule anayekata na kulaza peke yake, mikono miwili kwa kazi mbili.

Jambo jingine la kumsifu mzee huyu ni stara. Ilipobidi kumtibu mwanamke sehemu za siri, kwa mfano kutoa jiwe la kibofu, alielekeza atafutwe mkunga au mwanamke mwenye ujuzi afanye kwa mkono wake, mpasuaji amwelekeze. Mtu aliyelazwa hawezi kujifunika. Stara yake ni amana juu ya wanaomzunguka.

MWISHO WA MAISHA YAKE

Uzee wa Az-Zahrawi ulikuwa wa huzuni. Kuanzia mwaka 1009 fitina ilizuka Andalusi. Waislamu wakapigana wao kwa wao juu ya ukhalifa. Madinat az-Zahra, mji uliojengwa kwa marumaru, uliporwa ukachomwa, ukabaki magofu. Sisi watu wa mashariki ya Kongo hatuhitaji kuelezwa sana fitina ni nini, na mji uliokimbiwa unafananaje. Az-Zahrawi alifariki karibu na mwaka 1013, siku hizo hizo za misukosuko, akiwa mzee wa karibu miaka themanini.

Mji ulikwisha, kitabu hakikuungua. Ibn Hazm wa Qurtuba, mwanachuoni mkubwa ambaye alikuwa kijana siku hizo, alikisifu katika vitabu bora vya tiba. Karne ya 12 Gerard wa Cremona alikitia sehemu ya upasuaji katika Kilatini mjini Toledo. Wapasuaji wa Ufaransa na Italia wakakisoma. Guy de Chauliac, Mfaransa wa karne ya 14, alimtaja mara nyingi sana katika kitabu chake. Mwaka 1465 Sabuncuoğlu Şerefeddin wa Amasya aliandika kwa Kituruki kitabu cha upasuaji kilichofuata At-Tasrif, akachora na picha za wagonjwa wakitibiwa. Na yale magofu ya Madinat az-Zahra, mwaka 2018 UNESCO iliyaandika katika urithi wa dunia.

MAFUNZO YA KUSHIKA

Ndugu yangu Mwislamu, tunakuachia mambo machache.

Kwanza, tiba ni amri na kutegemea Mungu ni amri; moja haiuvunji mwingine. Mtoto mwenye ila inayotibika usimfiche. Mpeleke hospitali penye chumba cha kupasulia kamili, uliza, omba dua, kubali.

Pili, waambie wanaokulaza habari zako zote: dawa unazokunywa, hata za miti shamba, kama una pumu, kisukari, presha au mimba, kama uliwahi kulazwa ukapata taabu, kama katika ukoo wenu yupo aliyepatwa na balaa kwa dawa ya usingizi.

Tatu, juu ya sala. Ganzi ya mahali pamoja haitengui udhu, kwa sababu akili ipo. Ukilazwa kwa nusukaputi, udhu umetenguka. Sala zilizokupita ukiwa umelala, wanavyuoni wengi wa zama hizi wanasema utazilipa utakapozinduka, kama mtu aliyepitiwa na usingizi. Huwezi kusimama, sali umekaa. Huwezi kukaa, sali umelala.

Nne, ukiwa umeumbwa sawa, shukuru. Usinunue kifo kwa ajili ya macho ya watu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu Abul-Qasim Az-Zahrawi na kila aliyefundisha elimu yenye manufaa. Awaponye wagonjwa wetu walio nyumbani na walio hospitalini. Aiongoze mikono ya waganga wetu, awape uaminifu kabla ya ujuzi. Ailetee nchi yetu ya Kongo amani. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Karatasi hii ina jina la Mwenyezi Mungu. Usiitupe chini wala kufungia vitu sokoni. Ukimaliza, mpe jirani, na asiyejua kusoma umsomee.